Marina Tsvetaeva: Mshairi wa Urusi aliyempa Eurydice nafasi ya kusema

Mwezi uliopita, katika kipindi chetu cha ngano cha Jumapili jioni, tulisimulia hadithi ya kale ya Wagiriki kuhusu mwimbaji Orpheus na mkewe Eurydice. Kwa waliokosa kipindi, hadithi yenyewe ni fupi. Orpheus alipiga kinubi na kuimba hata wanyama wa porini wakawa wanasimama kumsikiliza. Mkewe akaumwa na nyoka, akafa. Orpheus hakukubali. Alishuka kuzimu akiwa hai, akawaimbia watawala wa huko mpaka wakamwonea huruma, wakamruhusu amchukue mkewe kwa sharti moja: atangulie mbele, wala asigeuke nyuma mpaka wote wawili wawe wametoka kwenye mwanga wa jua. Alitembea, akatembea, na alipokaribia kutoka moyo ukamshinda. Akageuka. Eurydice akarudi kuzimu, na safari hii hapakuwa na sharti wala rufaa.

Usiku ule simu ziliita mpaka tukapitiliza muda wa taarifa ya habari. Wengi walimlaumu Orpheus kwa kukosa subira. Wengine walisema hata wao wangegeuka. Kisha ukaingia ujumbe wa mama mmoja, tukausoma hewani, tukabaki kimya kidogo. Aliuliza kama katika hadithi nzima kuna mtu yeyote aliyemuuliza yule mwanamke kama anataka kurudi.

Hatukuwa na jibu usiku ule. Sasa tunalo. Yupo aliyeuliza, na alifanya hivyo mwaka 1923, akiwa mkimbizi wa Kirusi karibu na Prague, jiji ambalo leo ni mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki. Anaitwa Marina Tsvetaeva. Hapa redioni tunalitamka Tsvetayeva. Tuliahidi kuyaandika maisha yake kwenye ukurasa huu kwa sababu hayaenei katika dakika tano za kipindi. Tutangulize jambo moja: humu mna kifo cha mtoto, na mna mama aliyejitoa uhai. Anayesomea wengine kwa sauti ajue hivyo mapema.

Nyumba ya sanamu

Marina alizaliwa Moscow tarehe 8 Oktoba 1892. Baba yake, Ivan Tsvetaev, alikuwa mtoto wa kasisi wa kijijini, akasoma kwa shida mpaka akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Moscow. Katika maisha yake alikuwa na ndoto moja kubwa. Alitaka Moscow iwe na jumba la makumbusho ambamo mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda Athens au Roma ataziona sanamu za kale kwa macho yake, japo kwa nakala za jasi za ukubwa ule ule. Alizunguka miaka mingi akiomba fedha kwa matajiri. Jumba likafunguliwa mwaka 1912 mbele ya mfalme wa Urusi, Tsar Nicholas wa Pili, likiwa na safu ya nguzo mbele kama hekalu la Kigiriki. Lipo mpaka leo, linaitwa Makumbusho ya Pushkin. Profesa alifariki mwaka uliofuata.

Kwa hiyo Marina hakukutana na miungu na mashujaa wa Ugiriki darasani tu. Walikuwa mazungumzo ya nyumbani, kama vile katika nyumba nyingine watoto wanavyokua wakisikia habari za mvua na bei ya mahindi.

Mama yake, Maria, alikuwa mpiga piano hodari aliyemsaidia sana mumewe katika kazi ya makumbusho. Alitaka binti yake awe mwanamuziki, akamkalisha kwenye piano saa nyingi kila siku. Mwaka 1902 mama akaugua kifua kikuu, na familia ikaanza kuhama kutafuta hewa nzuri: Italia, Uswisi, Ujerumani, watoto wakiachwa katika shule za bweni za ugenini. Mama alifariki mwaka 1906, Marina akiwa na miaka 13. Piano akaiacha. Lugha hakuziacha, Kijerumani na Kifaransa alivisoma na kuviandika kama chake. Baadaye, alipohitaji kuzirudia ngano za Kigiriki, alizisoma katika kitabu cha Mjerumani Gustav Schwab, aliyekuwa amezisimulia upya kwa ajili ya vijana.

Tuongeze jambo moja ambalo msikilizaji wa Afrika atapenda kulijua. Moscow ina sanamu ya Alexander Pushkin, mshairi ambaye Warusi wanamhesabu kuwa mkubwa kuliko wote, na ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika aliyepelekwa Urusi akiwa mtoto. Marina alipelekwa kutembea mpaka kwenye sanamu ile tangu utotoni. Mwaka 1937 aliandika kumbukumbu zake kuhusu Pushkin, na humo anaieleza sanamu ile nyeusi, ndefu, katikati ya theluji, kuwa ndiyo iliyomfundisha kupenda weusi na kuwa upande wa anayebaguliwa. Hilo aliliandika akiwa Paris, katika miaka ambayo Ulaya ilikuwa ikielekea kwingine kabisa.

Jina la binti

Mwaka 1910, akiwa na miaka 18, alichapisha diwani yake ya kwanza kwa fedha zake mwenyewe, nakala 500. Washairi wakubwa wa Moscow waliisoma, na mmoja wao, Maximilian Voloshin, akamkaribisha nyumbani kwake Koktebel, kwenye pwani ya Crimea. Huko, mwaka 1911, alikutana na kijana mmoja mwembamba, mgonjwa wa mapafu, Sergei Efron. Walizaliwa tarehe moja, yeye Marina akimtangulia mwaka mmoja. Inasimuliwa katika familia kwamba Marina alikuwa amejiwekea nadhiri ya kuolewa na atakayemwokotea ufukweni jiwe analolipenda, na Sergei akamletea ushanga wa akiki. Walioana Januari 1912.

Septemba mwaka huohuo walipata binti. Sergei alitaka jina la Kirusi. Marina akashikilia jina la Kigiriki: Ariadna. Nyumbani walimwita Alya.

Hapa lazima tusimame tusimulie ngano ya pili, kwa sababu bila hiyo maisha haya hayaeleweki. Mfalme Minos wa kisiwa cha Krete alikuwa na dude, nusu mtu nusu fahali, aliyelifungia ndani ya jengo la vichochoro ambamo aliyeingia hakuijua njia ya kutokea. Mji wa Athens ulilazimishwa kupeleka vijana, wavulana saba na wasichana saba, waliwe humo. Safari moja akaja na vijana hao mwana wa mfalme wa Athens, Theseus, ili alipige vita dude lile. Binti wa Minos, Ariadne, akampenda, akampa donge la uzi. Theseus akafunga ncha mlangoni, akaingia akiuachia, akaliua dude, akaufuata uzi mpaka nje. Wakatoroka pamoja kwa jahazi. Lakini walipofika kisiwa cha Naxos, Theseus akamwacha Ariadne amelala ufukweni, akaondoka.

Ndilo jina alilompa mtoto wake wa kwanza: msichana aliyeshika uzi, kisha akaachwa.

Moscow ya njaa

Aprili 1917 alizaliwa binti wa pili, Irina. Mwaka ule ndio Urusi ilipinduka mara mbili. Mfalme akaondoka, kisha Wabolsheviki wakachukua nchi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Sergei akaenda kusini kujiunga na Jeshi Jeupe lililopigana na Wabolsheviki. Marina akabaki Moscow na watoto wawili, hajui kama mumewe yu hai au amekufa, na hali hiyo iliendelea kwa miaka.

Njaa ya Moscow ya miaka ile haikuwa ya kusimuliwa tu. Waliishi kwa viazi vilivyoganda kwa baridi na kwa chochote walichopewa na majirani. Marina aliuza vitu vya nyumbani, kisha akaanza kuvunja samani ili apate kuni. Novemba 1919, baada ya kuambiwa kwamba katika kituo cha watoto yatima cha Kuntsevo, nje ya jiji, watoto wanapata chakula, aliwapeleka wote wawili huko.

Chakula hakikuwepo. Alya akaugua homa kali. Mama akamchukua, akamrudisha nyumbani kumuuguza, na Irina akabaki kituoni. Alipokuwa akimuuguza mkubwa, Februari 1920, akapata habari kwamba mdogo amefariki. Irina alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Marina hakwenda kwenye mazishi.

Tulibishana sana studioni kuhusu aya hiyo hapo juu. Mmoja wetu, ambaye ni mama wa watoto wawili, alisema haoni namna ya kumsamehe mwanamke huyu, na kwamba tukiandika habari zake tusimpambe. Mwingine akasema asiyewahi kuchagua mtoto wa kumpa kipande cha mwisho hana la kusema. Hatukufikia mwafaka, na hatutalazimisha mwafaka hapa. Kinachojulikana ni kwamba Marina aliandika shairi fupi kuhusu mikono yake miwili na watoto wake wawili, na humo hajitetei.

Ndiyo maana tunaona ni kosa kuzichukua tungo zake za Kigiriki kama mapambo ya mtu aliyesoma sana. Alipokuja kuandika kuhusu wanaoshuka gizani kumtoa mtu mmoja, na kuhusu anayeachwa amelala, alikuwa ameshapita humo mwenyewe.

Eurydice anasema

Mwaka 1921 habari zikafika kwamba Sergei yu hai, amefika Prague. Mei 1922 Marina na Alya wakaondoka Urusi, wakapitia Berlin, na Agosti wakafika Chekoslovakia, nchi iliyokuwa ikiwapa wakimbizi wa Kirusi posho ndogo ya kila mwezi. Sergei alikuwa akisoma chuo kikuu. Waliishi vijijini nje ya jiji, walikopata vyumba vya bei nafuu. Maji yalitekwa kisimani na kuni ziliokotwa msituni. Marina alikuwa na desturi ya kukaa mezani asubuhi, kabla shughuli za siku hazijammaliza, akaandika. Miaka ile mitatu ndiyo aliyoandika mengi na mazuri kupita yote.

Machi 1923 aliandika shairi ambalo ndani yake Eurydice anamwambia Orpheus neno. Katika ngano ya kale mwanamke huyu hana sauti; anakufa, anafuata, anarudi. Kabla ya Marina, mwaka 1904, mshairi wa Kijerumani Rainer Maria Rilke alikuwa ameshamwonyesha Eurydice akiwa amezama katika mauti kiasi kwamba alipoambiwa mumewe amegeuka, hakumjua. Lakini kwa Rilke anatamka neno moja tu. Marina akampa shairi zima.

Eurydice wa Marina hana kilio, na shukrani pia hana. Ameuzoea utulivu wa kuzimu. Mapenzi ya mwili ameyaacha, kama mtu alivyovua nguo iliyombana, na hataki kuivaa tena. Anamtazama mumewe kama mtu aliyevuka mpaka usioruhusiwa kuvukwa, tena anamtazama bila chuki. Anachomwomba ni amwache. Ukilisoma shairi hili, ule mgeuko wa Orpheus, uliowaudhi wasikilizaji wetu wengi, unakuwa kitu kingine. Pengine hakushindwa subira. Pengine nyuma yake hapakuwa na mtu aliyetaka kufuata.

Mama uliyetuma ujumbe, hilo ndilo jibu tulilolipata. Lilikuwa limeandikwa kabla redio haijafika vijijini kwetu.

Mwezi huohuo aliandika mashairi mawili kwa sauti ya Phaedra. Huyu alikuwa mke wa Theseus katika uzee wake, naye alimpenda mtoto wa kambo, kijana Hippolytus, akakataliwa, na mambo yakaishia kwa vifo. Waandishi wengi wa kale na wa baadaye walimfanya mwanamke mwenye hila. Marina alimwona kama mgonjwa, mtu aliyeshikwa na homa asiyoiomba. Na alipomwandikia tamthilia nzima, miaka minne baadaye, uongo ulioleta maafa alimpa mtumishi mzee aliyemlea, siyo Phaedra mwenyewe.

Matanga

Kazi kubwa zaidi ilikuwa bado. Marina alipanga kuandika tamthilia tatu za mashairi kuhusu maisha ya Theseus, moja kwa kila mwanamke: Ariadne wa ujana wake, Phaedra wa utu uzima wake, na Helen, yule mrembo wa vita vya Troy, ambaye kwa mujibu wa ngano Theseus alimteka akiwa bado msichana mdogo. Ya kwanza aliimaliza Oktoba 1924.

Tungetarajia mwandishi mwanamke amsute Theseus kwa kumtelekeza Ariadne ufukweni. Sisi tulitarajia hivyo. Marina hakufanya hivyo. Katika tamthilia yake, usiku ule kisiwani Naxos, mungu Bacchus anamjia Theseus na kumdai Ariadne. Akibaki na Theseus, atazeeka na kufa kama binadamu wengine. Akiachiwa mungu, hatakufa milele. Theseus anabishana, anateseka, kisha anamwachia. Anaondoka na jahazi akijua kwamba dunia itamwita msaliti, na kwamba hata Ariadne mwenyewe atakapoamka atamlaani.

Mwisho wa ngano ile unajulikana. Theseus alikuwa amemwahidi baba yake, Aegeus, kwamba akirudi salama atapandisha tanga jeupe, na kama amekufa mabaharia watarudi na tanga jeusi. Kwa uchungu wa kumwacha Ariadne akasahau kulibadili. Mzee akaliona jeusi kwa mbali, akajitupa baharini, na bahari ile mpaka leo inaitwa Aegean kwa jina lake. Kiswahili kina bahati ya pekee kwa hadithi hii, kwa sababu neno letu la vitambaa vya jahazi na neno letu la kukaa msibani ni moja. Katika lugha nyingine itabidi mtu aeleze. Kwetu matanga ni matanga.

Kwa nini Marina alimsamehe Theseus? Wachambuzi wana maelezo yao kuhusu falsafa yake ya mapenzi, na ni kweli aliamini kwamba kuna kupenda kwa kuachia. Sisi tunaona pia mama aliyemwacha mtoto mahali, na anayejua kwamba anayeondoka kwa jahazi halali usingizi.

Hakuwa peke yake miongoni mwa Warusi aliyeona kwamba ngano hizi za kale zinatosha kubeba yaliyowapata. Osip Mandelstam, rafiki yake wa zamani, alikuwa akiandika kuhusu kuzimu ya Kigiriki na nyuki wa Persephone katika miaka ileile ya njaa, naye alikufa mfungwa karibu na Vladivostok mwishoni mwa 1938. Baadaye sana, mwaka 1972, Joseph Brodsky alilazimishwa kuondoka nchini na kumwacha mwanawe mdogo, akaandika shairi la baharia Odysseus akimwandikia mwanawe kutoka mbali. Brodsky alimhesabu Marina kuwa mshairi mkubwa kuliko wote wa karne yake. Watu waliotenganishwa na watoto wao, na ambao barua zao zilifunguliwa na polisi, walipata katika majina ya kale mahali pa kusemea.

Paris, kisha kurudi

Februari 1925 alipata mtoto wa kiume, Georgy, waliyemwita Mur. Novemba wakahamia Paris. Kwanza alipokelewa kwa shangwe. Jioni moja ya Februari 1926 aliwasomea Warusi wa Paris mashairi yake na ukumbi ukafurika. Mwaka huohuo, kwa kuunganishwa na mshairi Boris Pasternak aliyekuwa Moscow, aliandikiana barua na Rilke, yule wa Eurydice. Rilke alikuwa ameshaandika mashairi 55 kwa Orpheus. Walipanga kuonana. Rilke alifariki Desemba 1926 kabla hawajaonana, na Marina akaendelea kumwandikia barua akiwa amekwisha kufa.

Kisha mambo yakaharibika polepole. Tamthilia ya Phaedra aliimaliza mwaka 1927, na wahakiki wa Kirusi wa Paris hawakuipenda. Ile ya Helen hakuiandika kamwe. Fedha hazikutosha, Alya, sasa msichana mkubwa, alifuma kofia za kuuza. Sergei, aliyewahi kupigana na Wabolsheviki, akageuka kuwa mfuasi wao, akaanza kufanya kazi na polisi wao wa siri. Machi 1937 Alya akarudi Moscow kwa furaha ya ujana. Septemba mwaka ule jasusi wa Kisovieti aliyekuwa amejitenga na Stalin, Ignace Reiss, aliuawa Uswisi, na jina la Sergei likatajwa katika uchunguzi. Akatoroka kwenda Moscow. Marina alihojiwa na polisi wa Ufaransa. Warusi wengi wa Paris wakaacha kumsalimu.

Juni 1939 akapanda meli na Mur, akarudi Urusi.

Wengi wanaoandika juu yake hupenda kusema kwamba hapo Eurydice alimfuata Orpheus, tena kwenda chini badala ya juu, na kwamba mshairi alijitabiria. Maneno hayo yanapendeza, lakini sisi tunayaona ni mepesi. Eurydice wa shairi hakuwa na mtoto wa miaka 14 aliyetaka kwenda kwa baba yake. Marina alikuwa mke na mama ambaye milango ya Paris ilikuwa imefungwa mmoja mmoja, na nusu ya familia yake ilikuwa ng'ambo.

Alipofika, aliambiwa kwamba mdogo wake, Anastasia, yuko kifungoni tangu 1937. Tarehe 27 Agosti 1939 wakaja kumkamata Alya. Oktoba wakamchukua Sergei. Katika mahojiano Alya aliteswa mpaka akatoa ushahidi dhidi ya baba yake, ushahidi ambao baadaye aliukana. Marina alisimama kwenye foleni za magereza na vifurushi vyake, akifasiri mashairi ya wengine ili apate chakula.

Juni 1941 Ujerumani ikaivamia Urusi. Agosti, Marina na Mur wakahamishwa pamoja na wakimbizi wengine hadi Yelabuga, mji mdogo kwenye mto Kama. Aliomba ruhusa ya kuhamia mji wa jirani, Chistopol, walikokuwa waandishi wenzake, na tarehe 26 Agosti akaandika maombi ya kazi ya kuosha vyombo katika kantini ya waandishi iliyokuwa ikitarajiwa kufunguliwa huko. Mwanamke aliyewahi kujaza ukumbi Paris, aliyesoma na kuandika lugha tatu, aliomba kazi ya kuosha sahani. Tarehe 31 Agosti 1941 alijitoa uhai. Alizikwa katika makaburi ya Yelabuga, na kaburi lake hasa halijulikani ni lipi.

Oktoba mwaka huo Sergei alipigwa risasi gerezani. Mur alipelekwa vitani, akafa mwaka 1944 akiwa na miaka 19.

Akabaki Ariadna.

Alikuwa katika kambi ya kazi ngumu kaskazini, akitumikia kifungo cha miaka minane, na hakupata habari za kifo cha mama yake mpaka mwaka uliofuata. Aliachiwa 1947. Mwaka 1949 akakamatwa tena, akapelekwa uhamishoni Turukhansk, Siberia, kwa kifungo kilichoandikwa kuwa cha maisha. Mwaka 1955, Stalin akiwa amekufa, serikali ikakiri kwamba hakuwa na kosa lolote, akarudi Moscow. Daftari za mama yake zilikuwa zimehifadhiwa na ndugu na marafiki. Akaanza kuzisoma mstari kwa mstari, kunakili, kuwaandikia waliomfahamu Marina, na kubishana na wahariri waliokuwa na woga. Mwaka 1961 ikatoka diwani ndogo. Mwaka 1965 ikatoka kubwa, aliyoihariri pamoja na Anna Saakyants, na wasomaji wa Urusi wakamjua Marina. Mwaka 1973 mtunzi wa muziki Dmitri Shostakovich alitia muziki mashairi yake sita.

Ariadna alifariki mwaka 1975 katika mji wa Tarusa, kando ya mto Oka, ambako mama yake alipitisha likizo za utotoni. Sehemu ya makaratasi ya familia aliagiza yafungwe, yasifunguliwe na mtu mpaka mwaka 2000.

Jumapili hii saa moja na nusu usiku tutasimulia hewani ngano ya Ariadne na uzi wake, tangu kwenye vichochoro mpaka kwenye tanga jeusi. Laini zitakuwa wazi kama kawaida. Yule mama aliyetuuliza kuhusu Eurydice hakuandika jina lake wala kijiji chake. Tungefurahi kumsikia tena.